Ardhi tunayo tele, kwa nini nisifukie? Jibu kwa muuza pembejeo wa Kibaigwa

Swali: Nina duka la pembejeo Kibaigwa, wilaya ya Kongwa. Stoo nimebakiwa na maboksi ya viuatilifu vilivyopita muda: dawa za maji za viwavijeshi, unga wa kuhifadhia mahindi, na makopo ya vidonge vya kufukizia ghala. Mvua zilipokuwa mbaya wakulima hawakununua. Juu ya hayo, chupa tupu zimezagaa mji mzima. Mwenzangu mmoja anachoma nyuma ya duka, mwingine amekwenda kufukia porini. Nilisikia redioni kwamba visiwa vidogo huko bahari za mbali vinapakia taka zao za kemikali melini na kuzipeleka nchi nyingine. Nikasema wao hawana ardhi, sisi Dodoma tunayo tele. Kwa nini nisichimbe shimo refu, nikafukia, yakaisha? Kijana anayenilindia duka analala humo humo stoo, anaweza kunisaidia kuchimba.

Jibu: Dada yangu, nashukuru umeuliza kabla ya kuchimba. Nitalijibu swali lako lote, ila naanzia mwisho wake, maana jambo hilo halisubiri. Kijana huyo asilale tena ndani ya stoo, kuanzia usiku huu. Mtafutie mahali pengine, hata kama ni barazani upande wa pili wa nyumba, mradi awe mbali na mlango wa stoo.

Sababu ni yale makopo ya vidonge. Ndani yake mna fosfaidi ya alumini. Kidonge kikigusana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo ndiyo inayoua dumuzi na fukusi ndani ya magunia. Haibagui mdudu na mtu. Ni nzito kidogo kuliko hewa, kwa hiyo katika chumba kilichofungwa hutanda chini, pale pale mtu anapotandika mkeka. Wengi huamini watashtuliwa na harufu yake ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Harufu hiyo hutokana na uchafu uliochanganyika na gesi. Fosfini safi hainuki, na hata ile inayonuka, pua ikishaizoea haikuonyi tena. Ikiingia mwilini hakuna dawa maalumu ya kuizima. Daktari hubaki kumsaidia mgonjwa apumue na moyo wake usisimame.

Kopo la zamani linatisha zaidi kwa sababu ya kutu. Usilifungue ili kuangalia kilichomo. Usimwagie maji vidonge, wala usivitumbukize chooni: vidonge vingi vikikutana na maji kwa pamoja gesi hutoka kwa kasi na inaweza kuwaka au kulipuka. Makopo ambayo bado ni mazima yaweke juu ya chaga, mahali pakavu penye hewa inayopita, na kufuli nje. Ukikuta lililovimba au kutoboka, usiliguse. Ondoa watu, acha mlango wazi, piga 114 kwa Zimamoto, kisha mjulishe afisa kilimo.

Sasa tuje kwenye shimo.

Ni kweli visiwa vile vina ardhi kidogo, lakini kilichowabana zaidi ni maji. Chukua Tarawa, makao makuu ya Kiribati, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Ni ukanda mwembamba wa matumbawe, sehemu kubwa yake ikiwa mita chache tu juu ya usawa wa bahari. Maji yao ya kisima ni mvua iliyozama mchangani na kuelea juu ya maji ya chumvi, kama mafuta yanavyoelea juu ya maji, kwa kuwa maji baridi ni mepesi kuliko ya bahari. Wataalamu wa maji wana kanuni ya makadirio: kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 chini yake. Tabaka hilo likichafuliwa hakuna mto wa kukimbilia wala ziwa. Mtu wa Tarawa akichimba kina cha kimo chake ameshafika majini, kwa hiyo hahitaji mtaalamu wa kumweleza kwamba atakachokifukia atakinywa.

Huku kwetu kina ndicho kinachotudanganya. Jiji la Dodoma kwa miaka mingi limetegemea visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliopitia kumbukumbu za miaka 55 za kina cha maji katika visima hivyo, na matokeo yake ningependa kila mwenye duka la kemikali mkoani ayafahamu. Mvua ya kawaida ya Dodoma karibu yote hunywewa na jua na mimea. Akiba ya chini hujazwa hasa na miaka michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama El Niño ya 1997/98. Kati ya mwaka mmoja wa namna hiyo na mwingine, kiwango cha maji kinashuka tu.

Fikiria hilo lina maana gani kwa shimo lako. Utafukia mwaka huu, mwakani mvua itakuwa haba, mwaka unaofuata vile vile. Hakuna mbuzi atakayekufa, hakuna kisima kitakachonuka, nawe utaona umefanya jambo la busara. Kisha inakuja ile mvua moja kubwa ambayo mkoa mzima umeisubiri. Maji hayo hayo yanayojaza akiba ya miaka mingi ijayo ndiyo yatakayopita katikati ya shimo lako. Ukame hauiondoi sumu ya aina hiyo, unaihifadhi tu. Miamba yetu ya kale inapitisha maji kwa nyufa, na mtu aliye juu hawezi kujua ufa unaelekea kisima cha nani. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema "chimba refu zaidi". Shimo refu hufupisha safari ya sumu kwenda majini.

Nawe usidhani korongo ni afadhali. Wewe ni mtu wa Kongwa, unajua kiangazi watu wanachota wapi: wanachimba mchanga wa mto uliokauka mpaka maji yajikusanye. Chupa iliyotupwa korongoni Novemba husombwa na mvua ya kwanza na kumwagia mabaki yake kwenye mchanga huo huo. Yanayoendelea mbele, makorongo ya Kongwa na Mpwapwa huyapeleka mto Kinyasungwe, kisha bonde la Wami, na Wami humwaga bahari ya Hindi pale Saadani, ng'ambo yake Unguja. Kwa hiyo hata sisi wa kati tuna visiwa tunavyovipelekea taka. Upande wa Bahi hali ni nyingine, na kwa maoni yangu ni mbaya zaidi. Bonde lile halina mto unaotoka kwenda baharini. Maji huingia na kuishia pale, yakikauka kinachobaki ni kile yalichokuja nacho, na watu wanavua samaki na kulima mpunga humo.

Unataka mfano wa hapa nchini? Upo. Mwaka 1986 shehena ya viuatilifu kutoka Ugiriki, sehemu yake ikiwa imekwishapita muda, ililetwa kama msaada na kuwekwa kwenye banda la wazi katika shamba la Vikuge, Kibaha, mkoa wa Pwani. Banda likaanguka, mvua ikanyesha juu ya DDT na vinginevyo. Miaka mingi baadaye, mabaki yakiwa yamekwisha kuondolewa, wanasayansi walipopima udongo wa pale bado waliukuta umejaa DDT kwa kiwango cha kutisha. Kuondoa magunia ilikuwa kazi ya muda mfupi. Udongo wenyewe haukuondoka.

Huyo mwenzako anayechoma naye mwambie aache, na mweleze kwa nini, maana anaona moshi unapaa na kudhani mambo yamekwisha. Kemikali nyingi za dukani, na baadhi ya plastiki, zina klorini ndani yake. Zikichomwa kwenye moto wa takataka, ambao ni wa joto dogo na hewa haba, huzaa daioksini na furani, sumu ambazo hazikuwemo kwenye chupa. Matanuri yaliyojengwa kwa ajili ya kuteketeza taka za namna hiyo hufanya kazi kwenye nyuzi joto 1,100 za Selsiasi au zaidi, na moshi wake hupozwa haraka ili sumu hizo zisijiunde upya njiani. Nyuma ya duka hakuna lolote kati ya hayo. Majivu hubaki uani, kuku wa kienyeji hudonoa, na daioksini hujikusanya kwenye mafuta ya yai. Wapimaji wa mazingira katika nchi nyingi huchukua mayai ya kuku wanaojitafutia wenyewe kama kipimo, kwa sababu yai husema ukweli kuhusu udongo.

Lipo na jaribu la tatu ambalo hukulitaja, lakini nalijua kwenye biashara hii: kumuuzia mkulima dawa iliyopita muda kwa bei ya kutupa na kumwambia aongeze kipimo. Kuna kemikali ambazo zikikaa joto hazipungui nguvu tu, hugeuka kuwa sumu kali zaidi kwa binadamu. Mwaka 1976 huko Pakistani wapuliziaji wa dawa ya mbu wa malaria walitumia malathioni ambayo ndani yake ilikuwa imejiunda isomalathioni. Watu kama 2,800 walidhurika, watano wakafa. Na stoo ya bati ya Kibaigwa mwezi wa kumi na wa kumi na moja unaijua joto lake. Tarehe ya mwisho iliyo kwenye kibandiko inahesabiwa kwa dawa iliyotunzwa vizuri. Katika stoo inayochemka, dawa inaweza kuharibika kabla ya tarehe hiyo.

Basi visiwa vimefanya nini? Kwanza, navyo vilipitia njia ya "tupa pale". Maldivi walianza mwaka 1992 kumwaga taka kwenye ziwa la bahari lililozungukwa na matumbawe karibu na Malé, wakatengeneza kisiwa kizima cha taka kinachoitwa Thilafushi. Kwa miaka mingi moshi wake ulionekana kutoka mji mkuu. Tusiwasifie watu kupita kiasi. Walijifunza kwa kuumia.

Kwenye viuatilifu vikuukuu na mafuta ya transfoma yenye sumu, nchi za Pasifiki zilisaidiwa na Australia pamoja na shirika lao la mazingira la ukanda, SPREP, kukusanya zaidi ya tani 100 kutoka kisiwa hadi kisiwa na kuzipeleka Australia kuteketezwa. Inasikika rahisi. Lakini chini ya Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, taka hatarishi hazivuki mpaka hadi nchi inayopokea ikubali kwa maandishi, na kila nchi ambayo meli itapita nayo iridhie. Taka zifungwe upya kwenye vyombo maalumu, watu wafundishwe, meli ipatikane yenye nahodha anayekubali kuzibeba. Kwa nchi yenye watu laki moja, kuondoa maboksi machache ya dawa iliyooza kunaweza kugharimu mara nyingi zaidi ya bei iliyonunuliwa. Hicho ndicho walichokitambua, na ndicho ningependa ukichukue kutoka kwao: kemikali isiingie mlangoni kabla hujajua itatokea mlango gani.

Ndiyo sababu siku hizi nguvu zao nyingi wanaziweka bandarini. Mwaka 1995 walitia saini Mkataba wa Waigani wa kuzuia taka hatarishi zisiletwe kwenye visiwa vya Pasifiki, kama sisi Waafrika tulivyofanya Bamako mwaka 1991. Mwaka 2021 ulizinduliwa mpango mkubwa wa nchi za visiwa zaidi ya 30 duniani, ukiwa na mkono wa Umoja wa Mataifa, wa kupunguza kemikali hatari zinazoingia na kutafutia njia zile ambazo tayari zimo. Kisiwa kina bahati ya kuwa na lango moja au mawili. Kinachozuiwa bandarini kimezuiwa nchi nzima.

Dodoma hatuna bandari. Mzigo unaingia kwa lori, kwa basi, hata kwa bodaboda usiku. Kwa hiyo lango letu ni ninyi wenye maduka, na hapo ndipo nakuona wewe kuwa na uwezo mkubwa kuliko unavyojihesabia.

Kabla sijafika kwenye ya kufanya, niseme kidogo juu ya Singida, kwa sababu ni jirani na wengi wa wateja wako wana ndugu machimboni. Mchimbaji mdogo anayechoma zebaki ili dhahabu ibaki, ule mvuke haupotei. Uchimbaji mdogo wa dhahabu ndiyo chanzo kikubwa kuliko vyote duniani cha zebaki inayorushwa hewani kutokana na shughuli za binadamu. Hewa huisafirisha, huanguka baharini, vijidudu huigeuza kuwa methili ya zebaki, nayo hujikusanya kwenye samaki wakubwa kama jodari. Watu wa visiwa vidogo hula samaki karibu kila siku. Wengi wao hawachimbi dhahabu na hawakununua zebaki, lakini iko kwenye nywele za mama wajawazito wao. Nashindwa kulisema hili bila uchungu.

Haya, kazi yako. Siku ya kwanza usihamishe kitu, isipokuwa yale makopo ya vidonge niliyokueleza. Chukua daftari uandike kila kilichopita muda: jina la dawa, kiambato chake kama kilivyo kwenye kibandiko, ujazo, idadi, tarehe, kimenunuliwa kwa nani, na hali ya chombo. Vaa glavu za mpira na barakoa inayofaa, milango ikiwa wazi. Piga picha. Kisha tenga kona moja ya stoo kwa ajili ya hivyo tu, uzungushie alama na uandike kwa herufi kubwa kwamba haviuzwi. Dawa za maji ziwe chini na za unga juu, ili zikivuja zisichanganyike. Weka ndoo ya mchanga mkavu au maranda ya mbao karibu, maana umwagikaji hufyonzwa, haupigwi deki kwa maji. Unga wa kuhifadhia mahindi ukiwa umeganda, usiuchekeche ili urudi kuwa unga. Utauvuta puani wote.

Daftari hilo ndilo silaha yako. Nakala moja mpelekee afisa kilimo na afisa mazingira wa halmashauri ya Kongwa. Nyingine iende TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu yenye makao makuu Arusha, ambayo ndiyo msimamizi wa viuatilifu kwa mujibu wa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Ya tatu kwa NEMC, msimamizi wa mazingira wa taifa, kwa kuwa dawa iliyopita muda si bidhaa tena, ni taka hatarishi, na chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake huwezi kuikusanya, kuisafirisha wala kuiteketeza bila kibali. Kama stoo una kemikali za viwandani au za maabara, hizo ni za Mkemia Mkuu wa Serikali, naye yuko hapa hapa Dodoma. Najua wauzaji wengi huogopa kwamba wakijitaja watafungiwa duka. Nasema hivi kwa dhati: anayekuja na orodha mkononi anazungumza na ofisi akiwa katika nafasi tofauti kabisa na anayekutwa na shimo.

Dampo la mji si jibu, hata lile la kisasa la Chidaya, jijini Dodoma. Madampo yetu yamejengwa kwa takataka za nyumbani na sokoni.

Mtu mmoja mwenye maboksi machache hatapelekewa gari, ukweli ndio huo. Visiwa vilishinda kikwazo hicho kwa kuungana, na hapa ndipo kuiga kunafaa. Kibaigwa ina maduka ya kutosha. Jiungeni na wa Kongwa mjini na Mpwapwa, orodha zenu ziwe moja, halafu ombeni kwa pamoja. Mkandarasi mwenye kibali anaweza kuja kwa mzigo wa maduka mengi asiokuja kwa mzigo wa duka moja. Na waagizaji wakubwa hawawezi kupuuza barua iliyotiwa saini na wateja wao wote wa njia ya Morogoro.

Kuna jambo moja la visiwa ambalo ningekuzuia usiliige lilivyo. Tangu 2018 Pasifiki wana mpango uitwao Moana Taka, ambapo kampuni ya meli ya Swire Shipping hubeba bure taka zinazoweza kurejelezwa kwenye makontena yake yanayorudi matupu. Wazo ni zuri sana, kwa sababu meli huleta bidhaa visiwani na kurudi bila mzigo. Mtu anaweza kusema malori ya Kibaigwa nayo yafanye hivyo. Dada yangu, malori ya Kibaigwa hayarudi matupu. Yanarudi na mahindi, tena mahindi ya nusu ya nchi kutoka soko la kimataifa la mazao lililo hapo kwenu. Chupa za viuatilifu na magunia ya chakula havipandi bodi moja, hata kama dereva ni ndugu yako na anakuonea huruma. Gari la taka liwe la taka.

Chupa tupu sasa, na hapa nataka tukae, kwa sababu ndipo watu wengi zaidi wanapoumia. Mkoa wenye shida ya maji huthamini kila dumu. Penye mabomba kila nyumba, dumu la dawa linaweza kutupwa likasahauliwa. Kongwa litaoshwa, litabebewa maji ya mtoto kwenda shule, litatiwa mafuta ya kupikia. Kuosha kwa sabuni hakutoi dawa iliyokwisha kuingia ndani ya plastiki. Vile vile waokota chupa huzichanganya na plastiki nyingine, na kiwandani plastiki hiyo inaweza kugeuka kuwa beseni au jagi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuifanya chupa isitamanike.

Mfundishe mkulima aisuuze pale pale anapochanganya dawa: maji robo ya chupa, kifuniko, kutikisa nusu dakika, kumimina ndani ya bomba la kupulizia, mara tatu. Asiseme maji ni haba, kwa kuwa ni sehemu ya maji yale yale ambayo angetia kwenye bomba. Hakuna tone linalopotea, na dawa iliyobaki kwenye kuta za chupa inaingia shambani alikoilipia. Afanye hivyo mara anapomaliza chupa, kwani mabaki yakikauka hayatoki. Halafu aitoboe kwa msumari chini na ubavuni. Dumu lenye matundu halina mnunuzi. Asisuuzie kisimani wala korongoni, na ile ya vidonge vya kufukizia haisuuzwi kabisa.

Ili chupa irudi kwako, itabidi kuwe na sababu ya kuirudisha, na maneno matupu hayatoshi. Kiribati hutoza senti 5 za Australia kwa kila kopo au chupa ya kinywaji inayoingia nchini, na anayerudisha hupewa senti 4. Hiyo moja inayobaki huendesha kazi. Palau hutoza senti 10 za Marekani na kurudisha 5. Nchi hizi si tajiri, na mpango wao hauhitaji mtambo, unahitaji mtu anayehesabu na mtu anayelipa. Vyao ni vyombo vya vinywaji, najua, lakini hesabu ni ile ile. Mkikubaliana wenye maduka wote wa Kibaigwa, tuseme shilingi 200 kwa chupa, ikarudishwa kwa atakayeleta chupa iliyosuuzwa na kutobolewa, mtashangaa watoto watakavyoacha kuzichezea na wakubwa kuzikusanya. Hapo nina onyo: mlipeni mtu mzima aliyenunua, kwa kuonyesha risiti au jina daftarini. Mkilipa yeyote anayeleta, mtakuwa mmewatuma watoto kuokota sumu makorongoni. Tena ni lazima muwe wote. Duka moja likikataa, mkulima atanunua kule ambako hatozwi.

Chupa zilizorudi zikae kwenye magunia ya wavu, chini ya paa, mbali na mbegu na chakula cha kuku, zikisubiri gari lile lile la pamoja. Msiwauzie wanunuzi wa plastiki wa kawaida hata wakitoa bei.

Kuhusu kununua: mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua, nao mara nyingi unayumba. Ukijaza stoo Oktoba kwa kutegemea mwaka mzuri, mwaka mbaya ukija unabaki na mzigo wa sumu, na hicho ndicho kilichokupata. Agiza nusu kabla ya mvua, nusu nyingine wakulima wakishapanda na viwavijeshi wameonekana. Chukua ujazo mdogo mdogo hata kama faida yake ni ndogo kidogo. Usipokee katoni yenye muda uliobaki chini ya mwaka, wala ya bure ambayo msambazaji anakupa "kama shukrani". Mara nyingi anakuhamishia taka yake, na Vikuge ilianza kwa zawadi. Kilichoingia kwanza kitoke kwanza.

Na kwenye oda yenyewe weka sharti kwa maandishi: dawa ambayo haijafunguliwa, ikibakiza miezi sita kufika mwisho wa muda, msambazaji aichukue na kukurudishia fedha au kukubadilishia. Yeye anaweza kuipeleka mkoa ambao msimu wake bado, wewe huwezi. Wakubwa watasema hawana utaratibu huo. Waambieni kwa pamoja kwamba maduka ya Kibaigwa yatanunua kwa mwenye utaratibu huo. Barua hiyo ipelekwe kabla ya kuweka oda ya msimu ujao, siyo baada ya kulipa, kwa sababu akishapokea fedha hana haraka ya kukujibu.